Taa ya Bandari Katikati ya Taa za Dagaa

Meli ya Mwanza kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, hutumia kama saa tatu, nami ninasafiri na swali moja: Ziwa Victoria linahitaji taa ya bandari ya namna gani? Mwamba wa Bismarck, uliosimama majini mbele ya jiji, unanikumbusha kwamba humu hatari kubwa ni mawe. Baharini hatari hiyo ilipata jibu la kudumu: mnara wa Chumbe, unaoongoza vyombo kuelekea bandari ya Zanzibar, ulijengwa mwaka 1904. Ziwani, Kamanda Whitehouse wa Uingereza alipima mwambao karibu na kipindi hicho, na baadaye mashirika ya pamoja ya Afrika Mashariki yakaendesha usafiri wa meli hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Meli zikagawanywa baina ya nchi. Taa haigawanyiki, kwa kuwa humwangazia nahodha wa kila bendera.

Tunapokata mdomo wa Ghuba ya Speke kuelekea Ukerewe, tunapita kwenye maji ya wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, huwasha karabai au taa za sola kuvuta samaki, na ziwa zima humetameta. Humo, taa nyeupe isiyopepesa haimwambii nahodha lolote, hata ikiwa kali. Taa ya bandari lazima iwake na kuzima kwa mpangilio wake, au iwe na rangi yake, ili ijulikane ni ya wapi.

Wapo wanaosema simu yenye GPS imemaliza kazi ya taa. Lakini simu huonyesha chombo kilipo. Mwamba huonekana tu ikiwa ramani inao, na ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likafunika mawe yaliyokuwa wazi. Wengine watataja kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, mchana, kikiwa kimezidisha abiria. Ni kweli, taa isingewaokoa watu wale zaidi ya 220 waliokufa. Hata hivyo, kuhesabu abiria hakumwonyeshi nahodha mlango wa Nansio usiku. Wala taa iliyozimika haimwonyeshi; kwa hiyo bajeti ya taa ipimwe kwa idadi ya usiku ambazo taa ziliwaka, si kwa idadi ya minara iliyozinduliwa.