Damu ya Panya na Udhuru wa Mtu

Neno homoni limeingia katika Kiswahili kwa umbo la kigeni, lakini maana yake si ngeni. Ernest Starling, mwanachuoni wa Uingereza, alilitangaza katika mwaka wa 1905, akalitoa katika Kiyunani, ambamo asili yake ni kuchochea au kutia mwendo. Homoni, basi, ni kichocheo: mjumbe atokaye katika tezi, akasafiri na damu mpaka kiungo cha mbali, akakipa habari ya kazi inayokingoja. Mjumbe huyu hana sauti, lakini hutiiwa. Swali lipasalo kuulizwa ni hili: je, ni yeye peke yake atoaye amri?

Swali hilo si la maabara tu. Katika Kunduchi, kijiji cha kale cha wavuvi ambacho mji wa Dar es Salaam umekwisha kukizingira, huulizwa barazani kwa maneno mengine. Kijana mmoja alijaliwa mtoto wa kwanza. Arobaini ilipokwisha, mkewe alirudi kukaanga samaki wa kuuza, mtoto mgongoni. Naye mume akitoka baharini hula, akalala. Bibi yake alipomwuliza, alijibu kwa adabu:

“Bibi, sikuumbiwa kulea. Mama ana homoni zake. Hata panya jike huzipata azaapo. Panya dume hana.”

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mjukuu wangu, huyo panya umezisikia habari zake zote, au nusu?”

Bibi hakuwa na kitabu, lakini swali lake lilikuwa swali la msomi. Uongo mtupu hukataliwa upesi. Nusu ya kweli hukaribishwa, ikapewa kiti.

Nusu aliyoisema kijana ni sahihi. Panya jike asiyezaa bado, akiwekewa vitoto vichanga, kwanza huviogopa na kuviepuka. Mimba yake inapofika mwisho, projesteroni hupungua katika damu, estradioli na prolaktini huongezeka, na mnyama yule yule hugeuka. Hujenga kiota, huviokota vitoto vilivyotawanyika, huvilamba, huvifunika kwa mwili wake. Katika mwaka wa 1968 Joseph Terkel na Jay Rosenblatt wa Marekani walichukua maji ya damu ya panya waliotoka kuzaa wakawatia majike wasiozaa kamwe. Majike hao wakaanza kulea mapema kuliko wenzao. Mjumbe alikuwa ndani ya damu.

Lakini mwaka mmoja kabla ya hapo, yaani 1967, Rosenblatt huyo huyo alikuwa amekwisha kutangaza nusu ya pili. Aliwaweka panya wasiozaa pamoja na vitoto, siku baada ya siku. Baada ya muda wa kama juma moja, majike yakaanza kulamba na kufunika, ingawa hayakuwa na mimba wala hayakuzaa. Madume nayo yakafanya hivyo, hata yale yaliyohasiwa. Dume asiyezoea vitoto aweza hata kuviua. Lakini ukaribu uliodumu ulimfundisha kazi ambayo damu haikumtuma. Homoni huufungua mlango upesi. Ukaribu huufungua polepole. Na mlango ni mmoja.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia huishi chini ya udongo fuko uchi, mnyama wa jamii ya wagugunaji, asiye na manyoya. Jennifer Jarvis, aliyeanza kuwachunguza alipokuwa Nairobi, alieleza katika mwaka wa 1981 kwamba katika kundi lao malkia mmoja tu huzaa, wengine hufanya kazi. Majike watumishi si tasa: akitengwa mmoja wao na malkia, mayai yake huanza kupevuka. Hapa si damu iliyoipanga jamii peke yake. Jamii nayo imeipanga damu.

Mtu si panya, na mwenye kuruka kutoka tundu la panya mpaka nyumba ya mtu huenda akavunjika mguu. Heri kumtazama mtu mwenyewe. Katika mwaka wa 2009 Martin Muller na wenzake walitoa habari za watu wa kaskazini mwa Tanzania. Kwa Wahadzabe, ambao baba zao hukaa na watoto na kuwabeba, wanaume wenye watoto walikuwa na testosteroni kidogo kuliko wasio na watoto. Kwa majirani zao Wadatoga, wafugaji ambao malezi ya mtoto mchanga kwao si kazi ya baba, tofauti hiyo haikuonekana. Uchunguzi huo hausemi kwa hakika lipi lilitangulia, malezi au upungufu. Husema tu kwamba kuitwa baba hakutoshi. Desturi ya kulea ndiyo iliyokwenda sambamba na badiliko la damu.

Kwa hiyo elimu ya homoni haikuja kumwondolea mtu wajibu. Imekuja kumwonyesha wajibu unavyoanza. Mama huukuta mwili wake umekwisha kutayarishwa, naye bado huchoka, huumwa, hulia usiku. Utayari si wepesi. Baba hakupewa hodi hiyo ya mapema. Amepewa mikono, na muda. Akikaa mbali na mtoto kisha akasema damu yake imenyamaza, ameshitaki mjumbe ambaye hakumfungulia njia. Mtoto mchanga hajui jina la homoni hata moja. Anajua kifua kilicho karibu naye na kifua kilicho mbali.