WATOTO WANASEMA AUZE CHUMA CHAKAVU, MZEE KAGOMA!

Wadau, kuna mzee huku kwetu Gombani, jina namhifadhia. Peugeot 404 yake imelala uani miaka kibao. Mwanawe aliyeko Oman kasema atamtumia pesa ya gari nyingine, hiyo auze chuma chakavu. Mzee kamjibu, “Hiyo mpya ikigoma, ntaifungua mie?”

Juzi kaniita tushushe injini, ndo nikamwelewa. Ni silinda 4, na laina zake zinachomoka. Huna haja ya kusafirisha bloku ikachongwe Unguja. Unatoa laina na pistoni zilizolika, unaweka seti mpya, ringi, beringi na gasketi, halafu hedi unaikaza kuanzia katikati kwenda nje. Yote uani. Na msiidharau: 404 ilishinda Safari Rally 1963, kisha mara 3 mfululizo, 1966 mpaka 1968.

Sasa tunasubiri seti ya laina. Mikono ya mzee siku hizi inatetemeka, ila akishika spana inatulia. Hilo mwanawe hajaliona, yuko mbali.

Wewe ungekuwa mwanawe, ungemwambia auze? Funguka hapo chini.