Pamoja na Mama Wazee katika Misitu ya Chiltern

Kwetu katika milima ya Kivu, mama mzee akionekana njiani asubuhi, hatumwulizi anafuata nini. Mzigo ulio mgongoni na kamba iliyopita kipajini vinasema vyenyewe: ni kuni, au mihogo, au gunia la kupeleka sokoni. Kutoka nyumbani bila kubeba kitu, kuzunguka msituni, na kurudi palepale ulipoanzia, ni jambo ambalo mama zetu wangelicheka. Nasi tulicheka kidogo moyoni tulipofika Sonning Common, kijiji cha kusini mwa Uingereza karibu na mji wa Reading, tukakuta watu wapata ishirini wakingoja saa nne ipige, mikono mitupu, ili waende kutembea.

Wanaume walikuwa watatu tu. Waliobaki wote walikuwa akina mama wazee, wengi wao wajane, wamevaa viatu vizito vya matope na makoti ya mvua, ingawa ulikuwa mwezi wa tano. Mama mmoja mwenye kizibao cha rangi kali alituhesabu, akatuuliza sisi wageni kama tuna ugonjwa wa moyo au wa magoti, kisha akashika njia. Mwingine mwenye kizibao kama hicho alibaki nyuma kabisa. Tulidhani amechoka kabla ya kuanza. Kumbe ndiyo kazi yake: mtu yeyote asiwe nyuma yake. Akisimama yeye kwa ajili ya mwenzake aliyeishiwa pumzi, kundi zima litasimama.

Mambo haya yalianza hapohapo kijijini. Mwaka 1996 daktari mmoja, William Bird, aliona kwamba wagonjwa wake wengi walihitaji kutumia miguu yao kuliko kuongezewa vidonge. Hakujenga nyumba wala kununua vyombo. Njia zilikuwapo tayari. Aliwakusanya watu wakatembee pamoja. Kuanzia mwaka 2000 mpango wa namna hiyo ulienezwa nchini, na siku hizi chama cha watembeao kwa miguu, kiitwacho Ramblers, kilichoundwa mwaka 1935, kinasimamia makundi mengi. Viongozi hujitolea, halipwi mtu, wala hatozwi mtu. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri watu wazima, hata wazee, wajitaabishe mwili walau dakika 150 kwa juma. Kwa mama mwenye miaka sabini na mitano hesabu hiyo ni ngumu akiwa peke yake, lakini ni nyepesi akiwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nao walizungumza! Tuliingia msitu wa miti mirefu yenye magome laini ya rangi ya majivu, majani yake mapya yakipitisha nuru ya kijani, na chini yake ardhi yote imefunikwa na maua ya buluu yenye umbo la kengele. Zamani mafundi walikaa katika misitu hii ya Chiltern wakikereza miguu ya viti, kisha wakaipeleka mji wa High Wycombe ili viti viunganishwe huko. Juu yetu walizunguka mwewe wekundu wenye mikia ya panda. Ndege hao waliuawa hata wakaisha katika England yote karne ya 19. Waliletwa wengine kutoka Hispania, wakaachiliwa hapa kati ya mwaka 1989 na 1994, na sasa ni wengi mno. Mama zetu, waliozoea kumfukuza mwewe kwa ajili ya vifaranga, wasingeelewa kwa nini mtu alipe nauli ya mwewe.

Njia yetu ilitoka msituni ikakata shamba la ngano katikati. Tulisita, maana tuliogopa hasira ya mwenye shamba. Wenzetu hawakusita. Sheria ya mwaka 1949 iliamuru kila njia ya miguu yenye haki ya kupitwa iandikwe katika ramani ya serikali. Tangu hapo mkulima aweza kulima shamba, lakini hawezi kuifunga njia. Kizuizi kilikuwa kingine. Kwenye ua wa shamba palikuwa na vipande viwili vya mbao vya kupandia na kuvuka, kama ngazi fupi. Kijana huvuka bila kufikiri. Mama mmoja mwenye nyonga mbovu alishikwa mikono miwili, akainua mguu, akaushusha, akainua tena. Palipita kitambo. Hakuna aliyemhimiza, wala aliyemsifu kwa sauti kama mtoto; waliangalia maua. Mahali pengi katika milima hiyo, kwa msaada wa chama cha Chiltern Society, ngazi za namna hii zimeondolewa na kuwekwa vilango, nasi tukaelewa thamani ya kilango.

Mama huyohuyo, tulipoendelea, alitueleza kwamba tangu mumewe afariki, ziko siku ambazo sauti anayoisikia nyumbani ni ya redio tu. Watoto wake wanaishi mbali. Kwetu wengi wangedhani jambo hilo ni la mtu mmoja mwenye bahati mbaya. Lakini mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilimkabidhi waziri mmoja kazi ya kushughulikia upweke wa wananchi. Tulitamani kusema kwamba kwetu mzee haachwi peke yake. Kisha tukawakumbuka mama wazee tunaowajua Bukavu, ambao wana wao wametawanywa na vita au na kazi, tukanyamaza.

Baada ya saa moja na robo tulirudi tulipoanzia, tukanywa chai. Mama wa nyuma alitoa karatasi yake, akasoma majina. Jina moja halikuitikiwa, nalo halikuitikiwa juma lililopita pia. Wawili walitazamana, wakaacha vikombe vyao nusu, wakavaa tena makoti ili wapitie nyumba hiyo wakienda kwao.