Bendera ya Kukodi

Katika maswali ambayo wanafunzi wangu wa zamani wameniletea miaka hii ya karibuni, moja limenishughulisha kuliko mengine, nalo halihusu ngeli wala vina. Wauliza kama mtu akaaye Mbagala au Mwananyamala, ambaye huuza kitu chake kwa wageni kwa njia ya intaneti, yampasa kuandikisha kampuni nchini Marekani. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili wala mhasibu. Walakini mzee aulizwaye njia hawezi kunyamaza kwa sababu tu si yeye aliyeichonga barabara. Nimezisoma sheria zenyewe kadiri nilivyoweza, na haya ndiyo niliyoyaona.

Yafaa kwanza kujua ni haja gani imtumayo mtu kutafuta kampuni ng'ambo. Huenda msomaji akadhani ni majivuno. Sivyo, aghalabu ni tabu ya kupokea malipo. Mnunuzi wa Chicago ana kadi ya benki mkononi, na hiyo ndiyo njia yake ya kulipa. Muuzaji wa Mbagala ana simu ipokeayo fedha kutoka Tandika, Mbeya na Mwanza kwa kufumba na kufumbua, lakini kadi ya Chicago na simu ile hazijuani. Stripe, moja katika makampuni makubwa yapokeayo malipo ya kadi kwa niaba ya wauzaji, hufungua akaunti kwa watu wa nchi zilizo katika orodha yake, na Tanzania haimo. Mwaka 2016 kampuni hiyo hiyo ilianzisha utumishi uitwao Atlas: mgeni hulipa dola 500, huandikishiwa kampuni katika jimbo la Delaware, akafunguliwa mlango ule ule ambao jana ulifungwa usoni pake, wala hakupanda ndege. Delaware ina watu kiasi cha milioni moja, na makampuni yaliyoandikishwa huko yapita milioni mbili. Kama makampuni yangekuwa yanakula, jimbo lile lingekufa njaa zamani.

Jambo hili si geni katika pwani yetu. Mwishoni mwa karne ya 19 manahodha wa Sur, katika nchi ya Omani, ambao majahazi yao yalifuata pepo za msimu mpaka Unguja, walikuwa wakipandisha bendera ya Ufaransa. Hawakuwa Wafaransa, wala wengi wao hawakutamani kuwa. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikipekua vyombo ili kuzuia biashara ya watumwa, na hazikuwa na haki ya kupekua chombo chenye bendera ile. Walikuwamo wafanyabiashara waliochoka kusumbuliwa, na walikuwamo wenye sababu mbaya ya kuogopa kupekuliwa. Uingereza na Ufaransa zilishindana hata shauri likafika The Hague mbele ya waamuzi watatu, na mmoja wao alikuwa Melville Fuller, Jaji Mkuu wa Marekani. Hukumu ilitolewa 8 Agosti 1905. Walisema kwamba Ufaransa iliweza kuwapa raia wa Sultani wa Maskati bendera yake kwa hiari mpaka 2 Januari 1892, na baada ya hapo kwa watu wachache tu. Kwamba ruhusa hiyo haihamishwi kwa mtu mwingine wala kwa chombo kingine. Na kwamba mwenye jahazi, awapo katika maji ya Sultani, hatoki katika hukumu ya Sultani kwa sababu ya kitambaa kilicho juu ya mlingoti.

Neno hilo la mwisho ningependa kila muuzaji alisome kabla hajatoa dola zake, maana wapo wauza maneno wanaotangaza kwamba kampuni ya Marekani humtoa mtu katika kodi. Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huihesabu kampuni kuwa mkazi wa Tanzania si kwa kuandikishwa hapa tu, bali hata kama uongozi na udhibiti wa mambo yake hufanyika humu nchini. Kampuni ya Delaware ambayo akili yake yote imo katika chumba kimoja cha Mbagala ni mkazi wa Mbagala. Mkazi hutozwa kodi kwa pato lake la ulimwengu mzima, na Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuepusha kodi ya mara mbili. Ama kinga ya mwenye kampuni kutodaiwa zaidi ya mali aliyoitia humo, hiyo hupatikana hapa hapa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni. Kwa hiyo kitu ambacho Delaware humwongezea mtu wetu ni kimoja tu, mlango wa malipo, na swali lililobaki ni bei ya mlango huo.

Bei haiishi katika zile dola 500. Kampuni ya namna ndogo, ambayo wageni wengi huichagua, hulipa Delaware dola 300 kila mwaka, na siku ya mwisho ni tarehe 1 Juni, hata kama haikuuza kitu. Sharti iwe na wakala akaaye jimboni wa kuipokelea barua za serikali, naye hulipwa. Kisha kuna fomu namba 5472. Hapa sheria ya Marekani ina mzaha wake: kwa kodi ya mapato, kampuni ya mgeni mmoja huhesabiwa kana kwamba haipo, mwenyewe ndiye aonekanaye, lakini kwa fomu hiyo ni kiumbe kamili tangu mwaka 2017, na asiyeipeleka huweza kutozwa faini ya dola 25,000. Kazi iliyofanywa Mbagala aghalabu haidaiwi kodi ya mapato huko Marekani. Mtu aweza basi kuwa hana deni hata senti moja, akaangamizwa na karatasi.

Nilipoulizwa na mchonga vinyago wa Mwenge, sikusita kumwambia asiandikishe. Masoko makubwa kama Amazon hupokea wauzaji wa nchi nyingi bila kudai wawe na kampuni ya Kimarekani. Tena shida yake iko forodhani. Tangu 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru uliokuwa kwa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800, na kinyago cha mpingo hutozwa kwa kutazamwa kilikotoka, hakiulizwi kampuni ya muuzaji imeandikishwa wapi.

Aliyenitia mashakani ni kijana wa Mbagala, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye hufundisha Kiswahili kwa wageni. Yeye hatumi kifurushi. Auza sauti yake. Wanafunzi wake walikuwa tisa, kila mmoja akilipa dola 15 kwa mwezi, yaani dola 1,620 kwa mwaka. Huwapata katika soko la walimu la mtandaoni, nalo hukata asilimia 15, jumla dola 243. Kampuni ingemgharimu kodi ya Delaware, wakala na mjaza fomu, kiasi cha dola 800 kila mwaka kwa bei alizotajiwa. Ili gharama hiyo isizidi makato ya soko, alihitaji wanafunzi thelathini, na zaidi, kwa kuwa Stripe nayo hukata ujira wake. Fedha za kuanzia zingetoka katika akiba ya mama yake, karibu kodi ya mwaka mzima ya vyumba viwili anavyopangisha. Nilimwandikia hesabu hiyo katika karatasi nikamwambia asubiri.

Aliisoma, akaikunja. "Mwalimu," alisema, "hesabu nimeikubali. Lakini wanafunzi hawa ni wa soko, si wangu. Majina yao siyajui ila yale soko lililonionyesha. Likinifunga kesho, nitaanza na moja. Mpangaji hapandi mnazi."

Sikuwa na la kumjibu, wala sidhani kwamba yupo mwenye jibu la namba kwa neno hilo. Yanichoma kwamba somo la Kiswahili, linalofundishwa Temeke na mzaliwa wa Temeke, haliwezi kulipiwa kwa kadi katika mlango wa Stripe mpaka lipitie jimbo ambalo mwalimu wake hatalitia mguuni. Tulipatana kwamba atangoja mpaka wafike thelathini na tano, na kwamba siku hiyo atakwenda kwanza kwa mhasibu wa hapa, ajue Mamlaka ya Mapato itamwita nani, kabla hajalipa dola moja Delaware. Juma lililopita alinipigia simu. Wamefika kumi na saba. Fedha za mama yake zimeezeka chumba cha tatu.