Mnana, Wengi

"Mnana, wengi." Ndivyo nilivyoandika mwaka 1987 katika kaunta buku nililotembea nalo kila jioni pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wino umefifia, lakini maneno yanasomeka, na kila nikiyasoma natamani ningemshika mkono yule msichana wa miaka ishirini na mmoja nimwambie: hesabu.

Tulikuwa wanne tuliopenda ndege. Darubini ilikuwa moja, kioo chake cha kushoto kina ufa. Kitabu nacho kimoja, mwongozo wa J.G. Williams uliotoka mara ya kwanza 1963, tukakipokezana hadi jalada likabanduka. Majina ya kitabuni yalikuwa ya Kiingereza. Ya kwetu tulikuja nayo kutoka nyumbani. Mwenzetu mmoja wa Rufiji ndiye aliyetufundisha kwamba yule anayelia kama maji yanayomiminwa kutoka chupani ni tipitipi, na kwamba akilia hivyo mvua haiko mbali. Tulikuwa tukianua nguo kwa sauti ya ndege.

Kosa letu ni kwamba tulifukuzia wageni. Ndege adimu tulimwandikia nusu ukurasa: rangi ya miguu, umbo la mdomo, alivyotua. Wa kila siku tuliwapita. Tumbili waliotuibia mikate madirishani hawakupata hata mstari, wala komba waliolia usiku nyuma ya mabweni, wala chozi. Na kunguru, nani angepoteza wino? Kunguru wa India aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale takataka; siku zetu alikwishautawala mji wetu, akinyang'anya mayai na makinda ya wenzake mbele ya macho yetu. Hatukuandika kwamba mwezi huu tumeona kumi, na mwezi ule thelathini. Miaka hiyo hiyo ya 1980 Neil na Liz Baker walianza kukusanya kumbukumbu za nchi nzima kwa ajili ya Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Sisi hatukupeleka hata karatasi moja.

Sasa mtoto wa kaka yangu anasoma hapo hapo. Hana darubini, ana simu. Anampiga picha kenge akivuka njia, anapiga uyoga, nyenje, hata jani lililotobolewa na viwavi, kisha anapandisha kwenye mtandao wa iNaturalist. Simu yenyewe inajaza tarehe na mahali. Watu asiowajua wanaitazama picha. Wawili au zaidi wakiafikiana, wakawa wamepita theluthi mbili ya waliotoa jina, rekodi inapanda daraja la utafiti. Sisi tungehitaji filamu ya picha 36 na pesa ya kuisafisha, na pesa hiyo hatukuwa nayo. Lakini kalamu tulikuwa nayo.

Mwezi uliopita alinichukua tukazunguka. Tulianzia Ukumbi wa Nkrumah, tukashuka taratibu, maana magoti yangu si yale. Nilitaka kumwonyesha vichaka, nikajikuta namwonyesha vilipokuwa. Ardhi ya chuo upande wa Barabara ya Sam Nujoma ina maduka ya Mlimani City tangu 2006. Mabweni mapya yalifunguliwa 2017, maktaba mpya 2018. Sisemi yasingejengwa, nawajua vijana waliolala kwa kubebana, wawili kitanda kimoja, na maktaba ile ningeililia enzi zangu. Ila mnazi wa mnana haupo, ule ulioning'inia viota mpaka makuti yakainama, na kelele zake zilituamsha kabla ya saa kumi na mbili.

"Vilikuwa viota vingapi, Shangazi?"

Ningeweza kumwigia ile kelele. Idadi sikuwa nayo.

Tukakaa kwenye ngazi. Akaniambia kwamba eBird, mtandao wa orodha za ndege, inapokea hata orodha za zamani, mradi ziwe na tarehe na mahali, na kwamba ndege ambaye hakuhesabiwa huwekewa herufi X, kuonyesha tu kwamba alikuwepo. Nikatoa kaunta buku mkobani. Nilipekua ukurasa baada ya ukurasa: "Jumanne jioni." "Baada ya mvua." "Karibu na kwa mama wa maandazi," mahali ambapo leo hakuna anayepajua ila mimi na wenzangu watatu, na mmoja wao tulishamzika. Daftari zima lilikuwa na ukurasa mmoja tu wenye tarehe kamili, 14 Machi 1987.

"Haya, nisomee, Shangazi," akasema, kidole kikiwa tayari juu ya kioo cha simu.

"Mdiria, mmoja."

"Ndiyo."

"Tipitipi, wawili. Walilia."

"Ndiyo."

"Mnana."

Akasubiri.

"Wengi," nikasema.

Akaniangalia kidogo, kisha akaandika X.