Goma: Soya, maziwa ao sambaza? Hesabu ya mama mmoja sokoni

Kwenye soko la Virunga, mjini Goma, mama mmoja alisimama muda mrefu mbele ya meza ya unga. Mgongoni alibeba mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Mkononi alikuwa na makuta aliyopata kwa kufulia watu nguo. Zilitosha kununua kitu kimoja, pengine na nusu ya kingine.

Mama huyo alikimbia Sake mwezi wa Februari 2024, akaishi chini ya hema huko Bulengo. Kambi zilipovunjwa Februari 2025, alihamia Majengo kwa ndugu za mume wake. Siku mbili kabla ya kwenda sokoni, muuguzi alipima mkono wa mtoto kwa ule utepe wa rangi. Ukasoma manjano. "Ongeza protini," aliambiwa. Basi.

Mezani kulikuwa masosoma, unga wa muhogo, na maziwa ya unga ndani ya vifuko vidogo.

"Mama, kamata maziwa," muuzaji alisema. "Soya ni ya watu hawana makuta."

Wengi mjini wanaamini hivyo. Hata vijana wa mazoezi ya misuli wanabishana kama poda ya maziwa inashinda poda ya soya. Lakini hesabu inasema mengine. Gramu 100 za soya kavu zina protini karibu gramu 36. Maziwa ya unga yasiyotolewa mafuta yana karibu 26. Mahindi yana karibu 9, na unga wa muhogo haufiki hata 2. Kwa hiyo mtoto anayeshibishwa ugali wa muhogo peke yake anajaa tumbo, lakini mwili haupati cha kujengea.

Hata hivyo muuzaji hakukosea yote. Protini ya maziwa, mayai, nyama na samaki imekamilika, na mwili unaipokea kwa urahisi. Tena inakuja pamoja na vitamini B12, ambayo mimea haina. Mahindi yana upungufu wa laisini, moja ya vipande vinavyojenga protini. Soya inayo kwa wingi. Soya nayo ina upungufu kidogo wa methionini, ambayo mahindi yanaongezea. Ndiyo sababu masosoma, yaani mahindi, soya na mtama, ni chakula cha akili: kila nafaka inaziba tundu la mwenzake.

Kuna mitego miwili. Kwanza, soya mbichi inazuia tumbo kuyeyusha protini. Lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na uji uchemke. Pili, masosoma yaliyokwisha kusagwa yanaweza kuwa mahindi matupu yenye soya kidogo, na macho hayawezi kujua. Maziwa nayo yana mitego yake. Unga mweupe wa kutia ndani ya kahawa si maziwa. Mwingi wake ni sukari na mafuta ya mimea. Na maziwa yakikorogwa na maji yasiyochemshwa, katika mji unaojua kolera, mtoto anaweza kupata ugonjwa kabla ya kupata nguvu.

Mama mmoja mzee aliyekuwa anauza samaki kando alisikiliza yote, kisha akauliza: "Na sambaza, umezisahau?"

Sambaza zililetwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni mboga ya kila nyumba. Zikikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Zikipondwa nzima, pamoja na kichwa na mifupa, zinatoa pia madini ya chokaa. Kijiko kimoja cha unga huo, uliochujwa vizuri, kinatosha kubadilisha sahani ya uji.

Hata waganga wanachanganya. Ile paste ya karanga wanayopewa watoto wenye utapiamlo mkali ina maziwa ya unga ndani yake. Mwaka 2007, OMS na UNICEF walisema kwamba angalau nusu ya protini yake itoke kwenye maziwa. Ndiyo maana mtoto ambaye utepe umesoma nyekundu, ao miguu imevimba kwa bwaki, hatibiwi kwa uji wa nyumbani. Anapelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtoto wa mama huyu bado yuko kwenye manjano. Mahindi yalikuwako kwa shemeji yake. Basi aliacha maziwa, akanunua kopo moja la soya nzima, ili aikaange mwenyewe na kuipeleka kwenye mashini. Kwa pesa iliyobaki, mama mzee alimkusanyia vichwa na vipande vya sambaza vilivyobaki chini ya gunia, vile ambavyo wateja wengine hawavitaki.

"Ponda vizuri," alimwambia. "Mtoto haangalii kama samaki ilikuwa nzima."

Jumatatu mama atarudi kwa muuguzi, na mkono utapimwa tena.