Safari ya Kwimba: Plau Kuukuu Iliyorudi Shambani

Je, una plau iliyolala nyuma ya nyumba? Labda imepoteza bolti mbili. Labda ulimi wake umekwisha. Umezunguka maduka yote, hukupata kipuri kinachoingia. Sasa mnunuzi wa chuma chakavu anapita na mzani wake, nawe unafikiri kuiuza kwa kilo. Ngoja kwanza. Twende pamoja Kwimba.

NJIANI

Tulitoka Mwanza asubuhi kwa barabara kuu ya Shinyanga. Tulipita Misungwi, nchi ya mawe makubwa yaliyobebana. Hungumalwa tukaiacha barabara kuu, tukaelekea upande wa Ngudu. Ulikuwa mwezi wa Septemba. Majaruba ya mpunga yalikuwa makavu na yamepasuka. Pamba ilikwisha kuvunwa. Kila mtu alikuwa anaangalia mawingu.

Huku watu hulima kwa ng'ombe. Juu mlimani kuna udongo wa kichanga, Wasukuma huuita luseni. Chini kuna mbuga ya udongo mweusi. Mchanga husaga chuma kama tupa. Udongo mweusi hunata na kuvuta kwa nguvu. Basi plau ya huku huchoka upesi.

PLAU YA MAMA

Katika kijiji kimoja tulimkuta mama mjane. "Mwangaluka, Bwana Shamba," alinisalimu. Nikaitikia. Akanionyesha plau ya marehemu mume wake. Waliinunua miaka ya 1980 kwa fedha za pamba.

"Haizami tena," alisema. "Kijana wangu anaining'inia mishikio mpaka mgongo unamuuma. Ng'ombe wanachoka, na udongo unakwanguliwa tu. Mwenye mzani atakuja Jumamosi."

Nilinyamaza kidogo, maana nilikumbuka kosa langu. Miaka 12 iliyopita mkulima mmoja aliniletea tatizo kama hilo. Bolti za ulimi zilikuwa zimepotea. Nilimwambia akaunganishe ulimi na plau kwa kuchomelea. Msimu wa kwanza alilima vizuri. Ulimi ulipokwisha, haukutoka tena. Waliukata, wakaharibu kiti chake, na plau nzima ikauzwa kwa kilo. Mwaka ule mkulima yule alilima kwa jembe la mkono, robo tu ya shamba lake. Cheti changu cha kilimo hakikumsaidia.

Safari hii sikutoa shauri upesi. Nilimwomba mama tuibebe plau mpaka kwa mhunzi.

KWA MHUNZI

Mhunzi ni mzee wa makamo. Kibanda chake ni nguzo nne na nyasi. Fuawe yake ni kipande kinene cha chuma cha trekta bovu. Anatumia nyundo, koleo, tupa na mkaa. Mivukuto ya ngozi ameiacha. Sasa mjukuu wake anazungusha gurudumu la baiskeli, nalo linaendesha feni ya kupuliza moto.

Mzee aliilaza plau, akaigonga kila mahali. "Mwili mzima," alisema. "Vilivyokwisha ni ulimi, kisigino, bolti, na tundu la gurudumu. Kwa nini mwili mzima ufe kwa ajili ya kucha?"

Kwanza alitengeneza ulimi, yaani chuma cha mbele kinachokata udongo. Vya dukani havikuingia, kwa sababu matundu ya plau za viwanda mbalimbali hayalingani. Alichukua springi ya lori. Aliweka ulimi wa zamani juu yake, akachora. Ndiyo maana, ndugu msomaji, usitupe kipuri kilichokwisha. Ndicho kipimo chako. Aliipasha springi moto, akaitanua kwa nyundo, akatoboa matundu ingali nyekundu. Kisha akaifukia katika majivu makavu ipoe polepole.

Niliuliza kwa nini haitumbukizi majini. Alicheka. "Springi ukiipoza ghafla majini inakuwa ngumu, halafu inavunjika kama chungu." Kesho yake alipasha ncha peke yake, akaichovya katika oili. Aliisugua ing'ae, akairudisha karibu na moto polepole mpaka ikageuka rangi ya buluu. Hapo akaiondoa. Sasa ilikuwa ngumu bila kuvunjika.

Kisha zikafuata bolti. Bolti ya plau si kama bolti ya kawaida. Kichwa chake huzama ndani ya chuma, nacho kina pembe nne ili kisizunguke unapokaza nati. Ukitia bolti ya kawaida, kichwa hutokeza nje. Udongo hunasa hapo, kichwa husagika, na ulimi huanguka shambani. Mzee ana kipande kinene cha chuma chenye tundu la pembe nne, pana juu na jembamba chini. Alipasha moto kichwa cha bolti ya kawaida, akaitumbukiza humo, akakigonga mpaka kikajaa tundu. Hesi za bolti hazikuguswa.

Kisigino, yaani chuma cha ubavuni kinachoteleza ukutani mwa mfereji, alikikata kutoka kipande cha bapa nene. Tundu la gurudumu lilikuwa limepanuka. Alilitia kipande cha mninga mkavu kilichobaki kwa seremala, baada ya kukichemsha katika oili. Mti wenye oili husagika badala ya ekseli, nao hubadilishwa kwa urahisi.

JAMBO LA KUPIMA

Ilaze plau wima juu ya sakafu iliyo sawa. Ncha ya ulimi iguse sakafu. Kisigino kiguse nyuma. Katikati iwepo nafasi ndogo, kama milimeta 5 hadi 10. Nafasi hiyo ndiyo inayoifanya plau izame yenyewe. Ikikosekana, hata ukining'inia mishikio, utakwangua tu.

Na usinunue chuma cha reli wala cha daraja. Hicho ni mali ya umma, na kukiondoa ni kuua abiria.

JUMAMOSI

Tulifunga ng'ombe wawili jioni, mahali penye unyevu karibu na lambo. Kijana alishika mishikio kwa vidole tu. Plau ilizama. Udongo ulipinduka. Mama alifuata nyuma ya mfereji, akaupima kwa mkono wake: ulifika juu ya kifundo cha mkono. Hakusema neno.

Mwenye mzani alipofika Jumamosi, mama alimpa maji ya kunywa, akampa na ule ulimi... hapana! Ule ulimi wa zamani aliufunga kambaa, akautundika darini. Mwenye mzani aliondoka na sufuria moja iliyotoboka.

Ndugu msomaji, mvua haimngoji mtu. Leo itoe plau yako nje, ioshe, ipime. Hesabu bolti zake. Mpelekee mhunzi sasa, angali na nafasi. Mvua zikianza, foleni yake itakuwa ndefu. Na baada ya kulima, futa udongo na upake oili chakavu kwenye chuma kisishike kutu.

Nami Bwana Shamba nimejifunza. Kabla ya kutoa shauri, nitamuuliza kwanza mwenye nyundo.